Joto Linalobaki Mikate Ikishatoka

Saa tatu asubuhi mkate wa mwisho unatoka tanurini, na foleni ya pili imeshajipanga mlango wa nyuma. Ya kwanza ilikuwa ya wanunuzi. Hii ni ya wanawake wenye sufuria za maharage mabichi, na kila mmoja kaja na habari yake ya mtaa.

"Subirini kwanza, na umbea muuache nje," anawaambia mwokaji, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Moto.

Anasema tu. Umbea wote anausikiliza, na mwingine anautia chumvi mwenyewe.

Leo kusubiri kuna sababu. Mwenye tanuri, mzee anayeitwa Bosi hata na mkewe, yuko njiani kuja kuamua kama sufuria hizi zitaendelea kuingia humu au la.

Tanuri ni la matofali, la kuni. Mikate ikishatoka, joto hukaa ndani hadi jioni bila kumfaa mtu. Gunia la mkaa lilipopanda bei mara mbili ndani ya mwaka mmoja, Mama Moto alimwona jirani yake, mjane mwenye watoto wanne, akipika maharage siku moja na kuyala siku tatu. Akamwambia alete sufuria. Mjane akamnong'oneza shoga yake, na shoga naye ana shoga. Sasa sufuria zimepita ishirini.

"Moto wenyewe ulikuwa unapotelea hewani," anasema. "Sikumpa mtu kitu changu."

Lakini wema nao una mitihani yake. Mwezi uliopita alimwonea haya wifi yake, aliyeleta samaki wa mchuzi katika sufuria isiyo na mfuniko. Mchuzi ukafurika, matofali yakaunywa. Kesho yake mikate yote ikatoka inanuka samaki. Mteja mmoja aliuliza kama mkate ule umeokwa au umevuliwa.

Bosi hakucheka. Alitia kufuli mlango wa nyuma, na mjane akarudi kwenye maharage yake ya siku tatu, mpaka mtoto wake wa mwisho akaumwa tumbo.

Kisha Bosi akaja na shauri jipya: mlango ufunguliwe, ila kila sufuria ilipiwe, na Mama Moto apate nusu. Kwa mtu ambaye mshahara wake haujasogea kwa miaka minne, na ana mabinti wawili shuleni, halikuwa neno dogo. Anakiri kwamba lilimnyima usingizi. Kulipokucha akalikataa.

"Nilimwambia, Bosi, tukiuza moto atakuja mwenye nacho, na mwenye nacho ana jiko kwake. Yule niliyemfungulia mlango ndiye atakayebaki nje."

Bosi akajibu kwamba huruma hainunui kuni. Wakabishana mpaka muuza maziwa akaegesha baiskeli yake asikilize vizuri. Mwishowe wakapatana wiki moja ya majaribio: maharage peke yake, na kila mfuniko uzibwe kwa unga uliokandwa. Mkate ukinuka tena, hasara itakatwa kwenye mshahara wa Mama Moto, na kufuli litarudi.

Akina mama nao wakaongeza lao: mwenye sufuria aje na kuni, hata kijiti. Asiye nacho afagie majivu.

"Hatukuja kuomba," anasema mjane, huku akizungushia mfuniko wake unga, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.

Wiki inaisha leo. Bosi anaingia bila salamu ndefu, anachukua mkate, anaumega katikati na kutia pua. Foleni yote imeacha umbea, jambo ambalo wenyeji wanasema ni nadra kuliko mvua ya kiangazi. Anatafuna.

"Chumvi imepungua kidogo," anasema, kisha anaondoka na mkate wake kwenda kukaa barazani. Kufuli halikuguswa.

Sufuria zinaanza kuingia, ya mjane mbele. Mama Moto anazisukuma ndani kwa koleo refu la mbao, na tayari ana mpango mwingine. Jumapili tanuri haliwashwi, na Jumapili watu wanakula vilevile. Anataka siku hiyo waoke, japo mikate michache.

Bosi ameshaambiwa?

"Bado," anasema, akichungulia barazani. "Acha kwanza ameze."