Mlingoti wa Mita Kumi

Jumapili ile ya mlingoti tulikuwepo watano: Kogo, yaani nyanya yetu mzaa baba. Mdogo wangu Kiprotich. Kitinda mimba wetu Chebet. Baba Nyambura, fundi wa redio kutoka sokoni Boito. Na mimi, mkubwa wa nyumba. Baba na mama walikuwa nyuma ya jikoni, kando ya ua wa saipresi. Baba alimfuata mama kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi lake.

Enzi zetu, na wenzangu wa rika langu mtakubali, mvua ya huku kwenye chai ilikuwa na saa zake kama kengele ya shule. Asubuhi unaingia shambani umefunga karatasi ya nailoni kiunoni, na bado umande unakulowesha mpaka goti. Mchana wingu linatoka upande wa msituni, na saa tisa kila mtu anakimbilia kituo cha kupimia majani akiwa na kikapu mgongoni. Karani anatumbukiza mkono kikapuni kutafuta majani magumu, nawe umeshika pumzi. Ukirudi nyumbani unakuta kimyet, ugali wetu, cha moto na mursik, maziwa ya mgando, yenye harufu ya mkaa. Watoto wa leo wakitumwa sukari hapo ng'ambo ya barabara wanauliza kama kuna pesa ya bodaboda.

Mimi shule niliiacha kidato cha kwanza, sare ikiwa bado na mikunjo ya dukani. Nilimpa Kiprotich begi, nikachukua kikapu cha mama. Sikulia mbele yao.

Baba alikuwa fundi wa umeme kiwandani, lakini mapenzi yake yalikuwa redio. Si redio ya kusikiliza salamu na matangazo ya vifo, bali ile ya kuzungumza, ambayo mtu anapewa leseni na serikali, aitumie kwa kujifurahisha tu. Kila Jumapili tukitoka kanisani, hata koti havui, aliketi kwenye kona yake na kumtafuta rafiki yake Aldo, mzee wa Italia aliyekuwa fundi wa saa. Hawakuwahi kuonana. Walizungumza habari za mvua, za magoti yanayouma, za bei ya chai. Baba alimfundisha salamu yetu, na yule mzee alikuwa akianza, "Chamgeiii, Joel!" akiivuta kama mpira wa manati, nasi tunaanguka kwa kicheko huku mama akitukanya tusimwaibishe mgeni.

Jumapili ya kwanza baada ya kumzika baba, Kiprotich aliiwasha ile redio. Nadhani alitaka tu kusikia mvumo wake. Tukamsikia Aldo. Aliita kwa Kiingereza chake cha kuvunjika, "Joel, Joel, uko wapi?" Akanyamaza kungoja, kisha akaita tena.

Chebet, ambaye alikuwa bado hajaanza shule, akatuangalia mmoja mmoja. "Si mumwambie baba yuko hapo nyuma?"

Hatukuweza kumwambia. Waya wa baba ulikuwa umefungwa juu kati ya mikaratusi miwili, na baba mdogo aliiuza mikaratusi hiyo kugharamia mazishi. Waya ulibaki umelala juu ya ua. Kumsikia tuliweza, kwa sababu yeye alikuwa na mitambo mikubwa, lakini sauti yetu isingefika hata Mulot hapo jirani. Basi kila Jumapili ikawa hivyo. Mtu anamwita baba yetu kwa jina, nasi tunaendelea kula.

Kogo ndiye aliyechoka kwanza. "Huyu mtu anaita marehemu kila wiki kama anaita mbuzi. Aambiwe, amwache apumzike."

Nikaenda kwa Baba Nyambura. Alikuwa mtu wa Nyeri, na miaka ile watu walikuwa wanaangaliana kwa makabila, wengine wakimshauri afunge duka arudi kwao. Baba ndiye aliyemfundisha mambo ya redio hadi akapata leseni yake. Nilipomweleza, aliweka chini kifaa alichokuwa akikichomelea, akasema, "Chelangat, hiyo kazi ni yangu. Hata hukufaa kuja kuomba."

Alikuja, akazunguka uwanja akitazama visiki vya mikaratusi. Pa kufunga waya mrefu hapakuwepo tena. Akasema tusimamishe mlingoti, bomba la aluminiamu lililosimama wima. Waya uliolala chini hutupa sauti juu mawinguni, alisema, lakini bomba la wima huitoa chini chini, ikaambaa na upeo wa macho na kwenda mbali.

Tatizo lilikuwa ni mlingoti wa masafa gani. Haya mawimbi ya juu yanaishi kwa nguvu za jua, na jua lina miaka yake ya nguvu na miaka yake ya kuchoka. Mwaka huo wa tisini na nne lilikuwa limechoka. Masafa ya mita kumi, yaani urefu wa wimbi na si wa bomba, ambako Aldo alikuwa akiita, yalifunguka siku moja moja tu. Ya mita kumi na tano yangeendelea kufanya kazi muda zaidi.

"Tujenge wa kumi na tano," Kiprotich akasema. "Huo utadumu."

"Utadumu na nani?" nikamuuliza. "Aldo hayuko huko."

"Tujenge mrefu basi, wenye koili ya waya, ushike yote mawili."

Baba Nyambura akacheka kidogo. "Kijana, wa kushika yote haushiki lolote vizuri. Na bomba ni hili tu." Akanigeukia. "Wewe ndiwe mwenye mji. Sema."

Nikasema mita kumi. Tungemfuata pale pale alipokuwa akingoja.

Mlingoti wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu mrefu aliyeinua mkono. Tuliusimamisha katikati ya kipande cha chai tulichokuwa tumekipogoa, kwa kuwa hapo vichaka vilikuwa vifupi na uwanja uko wazi. Chini yake tuliweka chupa ya soda ili bomba lisiguse udongo. Kutoka kwenye kitako chake tulitandaza nyaya za shaba ardhini pande zote, kama miguu ya buibui, maana Baba Nyambura alisema mlingoti wa wima bila nyaya hizo ni kama mtu anayesukuma gari akiwa amesimama kwenye matope. Tukazifunika kwa matawi ya chai yaliyopogolewa, zisiibwe.

Jumapili tukarudi kutoka kanisani mbio. Baba Nyambura akawasha, akasikiliza, akakunja uso. Mlingoti haukuvuta inavyopaswa. Tukaenda shambani. Matawi hayakuwepo, na nyaya hazikuwepo, isipokuwa moja tu upande wa chini. Tukageuka kutazama jikoni. Mlangoni palikuwa na mizigo ya kuni iliyopangwa vizuri, kila mmoja umefungwa kwa waya wa shaba unaong'aa.

"Kogo, hizi waya umetoa wapi?" nikauliza.

"Si zilikuwa kwa matawi? Nani huacha kuni nzuri hivyo shambani mvua inakuja?" Akamtazama Baba Nyambura. "Na ni ngumu kweli kweli kukata, nilitumia panga."

Kiprotich alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa natazama wingu. Tulizifungua zile nyaya, tukaunga vipande tulivyoweza, na Aldo akaanza kuita tukiwa bado shambani. Tulimsikia kupitia dirishani.

Baba Nyambura akakimbilia kiti cha baba. Akataja namba yake ya leseni, akasema polepole kwa Kiingereza, "Aldo, Joel amefariki. Joel amefariki." Akarudia mara nyingi. Kisha akaachia kitufe cha kuzungumzia, tukasogea kusikiliza.

"Joel!" Sauti ilikuwa mbali, lakini ilijaa furaha. "Joel, nimesikia jina lako! Uko hai, rafiki yangu! Nilikuwa naogopa! Msalimie mama watoto!"

Baba Nyambura akapiga kelele kwenye kipaza sauti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ikaja mivumo mitupu. Masafa yalikuwa yamefunga.

Hayakufunguka tena mwaka huo. Barua ambayo Baba Nyambura alimwandikia Aldo, kwa anwani ya kitabu cha zamani cha wenye leseni, ilirudi imepigwa muhuri kwamba mtu huyo alishahama. Jua lilipopata nguvu tena mwishoni mwa miaka ya tisini, tulisikia watu wa kila nchi kwenye mita kumi. Yeye hatukumsikia.

Leo vitukuu wa Kogo wanaongea na watu wa Italia huku wanapiga mswaki, na wakikatika kidogo wanalaumu mtandao. Siwaonei wivu. Lakini huwa nafikiri kwamba yule mzee, kama ameshakufa, alikufa akijua kwamba baba yetu alimjibu na yuko salama, na kwamba baada ya hapo baba alinyamaza tu kwa kupenda mwenyewe. Kifo cha baba tulimpa kila mtu habari zake, ila yeye. Hiyo habari bado tunadaiwa.