Mshipa Ulio Juu

Kwa kuwa Mama Furaha amepasuliwa salama, naweza kutubu bila kutetemeka.

Jirani yangu huyu wa Misiera, kijiji cha kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, alikuwa na sikio lililotoa usaha kwa miaka. Nikamsindikiza hospitalini Mbarara. Yeye hajui Kiingereza, mimi najidai ninakijua, basi nikawa mkalimani.

Daktari alitazama picha za kichwa, akaeleza kwa Kiingereza habari za mshipa wa damu ulio juu. Nilishika "damu" na "juu", nikaona yanatosha.

"Mama, uko na presha," nikatangaza kama mtaalamu. "Tena imepanda sana."

Akaisukuma karatasi ya kukubali upasuaji. "Banipasule na presha? Nitafia pale! Turudi Nakivale."

Nikamgeukia daktari. "Amekataa. Anaogopa presha yake."

"Presha gani? Tumepima, iko sawa." Akaachana na mimi, akamsemesha mama kwa Kiswahili chake cha taratibu. "Mama, chini ya sikio iko mshipa, inatoa damu kwa ubongo. Kwa watu wengine iko juu kidogo, wanazaliwa hivyo. Si ugonjwa. Lakini mimi lazima najua mbele ya kukata, nisiitoboe."

Mama Furaha akashusha pumzi ndefu, akapiga dole gumba kwenye karatasi. Nami nikaketi kwa nafuu.

"Sasa ile presha," daktari akaniuliza, "uliitoa wapi?"

Jasho likanitiririka. Mama Furaha akanitazama, akacheka.

"Dokta, presha ni yake. Mumupime."