Sari Yenye Zipu

Wanawake wa Kihindi wa mtaa ule walikuwa na siri moja, na siri hiyo ilikaa kwa fundi wao, Bi Pindo. Wale uliowaona harusini wakitembea kwa maringo, mikunjo ya sari imenyooka kama imepigwa rula, hakuna hata mmoja aliyejua kuifunga. Bi Pindo ndiye aliyeishona ile mikunjo, akatia zipu ubavuni na kulabu begani. Mtu anaivaa kama sketi, anapandisha zipu, basi, amekuwa binti wa mababu.

Yeye mwenyewe hakujua kuifunga. Mama yake alizaliwa hapa, yeye kazaliwa hapa, na nchi ya asili aliijua kwa kalenda ya ukutani. Ufundi alirithi kwa baba yake, mshona suruali, ndiyo maana zipu zake hazikwami. Lakini maneno sasa! Kila mteja alisomewa hotuba: "Mwanamke anayeheshimu asili yake hujifunga sari kwa mikono yake." Aliyasema hayo huku akimshonea zipu huyo huyo.

Mdomo uliponza kichwa. Mjukuu wake wa pekee alipopata mchumba, mama wa kijana, aliyehamia ng'ambo tangu usichana wake, alipiga simu kuuliza kama nyumba ile bado inashika mila.

"Sisi?" Bi Pindo akajibu. "Hapa tunafunga sari kabla hatujaota meno!"

Mjukuu, na jinzi lake, akashika kichwa. Alimpenda yule kijana kufa, na mama wa kijana alikwishamkatalia mwanawe wachumba wawili.

Siku ya ugeni sebule ilijaa wanawake. Mgeni aliingia amevaa sari ya hariri, akaketi wima kama msimamizi wa mtihani. Chai haijapoa, akatoa mkobani sari mpya, ndefu, isiyo na zipu popote.

"Mkwe, hebu mfunge binti, sote tuone."

Bi Pindo akajikaza. Akazungusha, akachomeka, akachomoa, akazungusha tena. Mjukuu akaanza kufanana na godoro lililoviringishwa kwa kuhama nyumba. Shangazi mmoja akakohoa. Bi Pindo aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, akamwinamia mgeni kiunoni walau aibie jinsi mikunjo yake ilivyokaa.

Vidole vikagusa kitu kigumu.

Mwenye akili angenyamaza. Lakini Bi Pindo alikuwa fundi kwanza, mkwe baadaye.

"Mungu wangu! Nani kakushonea uchafu huu? Zipu imepinda! Na uzi huu kwenye hariri!"

Mjukuu akafumba macho, akajua harusi imekwisha. Mgeni akawa mwekundu.

"Inanichoma tangu kwenye ndege," akasema taratibu. "Mama yangu alifariki kabla hajanifundisha kufunga. Wale wasichana wawili niliwakataa kwa sababu na wao hawajui. Nilitaka mke wa mwanangu awe wa kunifundisha, bila watu kujua."

Bi Pindo akaziweka hotuba kando. Akamshika mkono.

"Pole, mkwe. Hapa hakuna ajuaye hata mmoja. Twende chumbani uvue, nikurekebishie."

Mgeni akajifuta macho, akasimama.

"Basi, sari ya bibi harusi uishone vizuri zaidi," akanong'ona. "Kule kwangu watamkagua."