Nyuma ya Ua wa Minyaa

Enzi za Mwingereza, mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Tabora. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba mtu mwenye akili hatawaliwi na moyo. Lakini kila nilipotoka kwetu Mtendeni kwenda Isevya, aliniuliza, "Unakwenda kwa nani?" Nami nilimjibu lile lile: kwa shangazi yangu, aliyevimba mguu na hawezi kujipikia.

Jumamosi moja nilikuwa namsongea shangazi ugali, nikasikia mtu akipiga chafya nyuma ya ua wa minyaa. Nikatoka. Alikuwa mume wangu, amechutama, suruali yake ya kazini imejaa vumbi.

"Mwalimu, unatafuta nini huku?"

"Nilijua uko kwa shangazi," alisema bila kuniangalia. "Jana nilimuuliza jirani yake, akanihakikishia. Nilijua kabisa, mke wangu. Lakini moyo haukutulia."

Nikamkaribisha ndani. Akainama mbele ya shangazi. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa, ule."

Alikula huku macho yake yakitembea chumbani, mpaka uvunguni mwa kitanda.

Njiani aliniomba radhi, na naamini ilitoka moyoni. Hakunifuata tena, au labda sikumwona. Ila mimi ndiye niliyeanza kugeuka nyuma kwenye kila kichaka, hata saa za masomo, nikijua wazi kwamba yuko darasani na chaki mkononi.