Baba Aliyepima Meno ya Mashini

Wasomaji wangu, juzi hapa Rugenge tulimuzika yule baba mwenye kupima meno. Nacheka nikiandika hii, musinihukumu, juu siku ya kwanza nilimujua nilimupelekea jino yangu. Nilisikia watu wanasema, "Yule alisoma sana, anapimaka meno kama inabeba uzito wa kupita kiasi," nikafika kwake shavu imevimba. Akaniangalia. "Mama, minye ni wa meno ya chuma." Nikamwambia, "Hata yangu iko nguvu, jaribu tu." Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanionyesha njia ya dispansere.

Siku hizo nilikuwa naendesha mashini ya kusaga muhogo ya shirika yetu ya wamama. Masomo sikufika mbali, lakini sauti ya ile mashini niliijua kama ya mutoto wangu. Ndani iko magurudumu ya meno, na ile meno haisimame wima kama ya kisanulio cha nywele, inalala mushazari, njo maana inazunguka bila kelele mingi. Sasa jino moja ikavunjika. Tukatia gurudumu mupya, ikavunjika tena. Mama prezida wa shirika akasimama mbele ya wote: "Weye unatiaka muhogo mubichi. Achia mwingine kazi, lete ufunguo." Miaka yote ile ni minye nilifunguaka ule mulango wa nyumba ya mashini asubui, na sasa wamama wananiangalia kama mwizi.

Nikarudi kwa yule baba. Hakusema niko na haki, hakusema niko na kosa. Alisema, "Nipime kwanza." Akakuja kwa mashini, akagundisha kwa muguu wa jino moja nzima, pale inaotea kwa gurudumu, tukaratasi tatu tudogo kama ukucha wa mutoto, kila kamoja na waya mwembamba ndani: kamoja mwanzo, kamoja katikati, kamoja mwisho. Jino ikipinda, hata kiasi jicho haiwezi kuona, ile waya inavutika, na kamashini kake kanaonyesha namba. Akafunga gurudumu moja lisizunguke, ingine akalivutisha na fimbo ya chuma yenye mifuko ya mawe. Wamama wote wakakuja kuangalia. Namba ya mwanzo karibu hakuna, ya katikati kidogo, ya mwisho ikapanda sana.

"Mama prezida," akasema, "jino nzima ilipashwa kubeba. Hapa kona moja njo inabeba yote. Muhogo mubichi ungeelemea jino nzima." Akatoa rulema, ile duara ya tugololi yenye kushika ekseli: imekulika upande mumoja, ekseli imeinama. Prezida akaigeuza mukononi. Kisha akanirudishia ufunguo mbele ya watu.

"Mama, unisamehe," akaniambia.

"Nimekusamehe, lakini leo weye njo utafagia."

Wanasema vitu ya namna ile inafanywaka Ulaya. Minye niliona hapa, kwa muntu mwenye alikulia Lubarika, kwa mashamba ya mupunga, na tangu tutie rulema mupya ile meno haikuvunjika tena.

Jana kwa kilio, mama mumoja akaninongoneza: yule baba hakufa bure, jirani yake alimutilia karuho, sumu ya mu chakula. Wengine wakaanza kugeuza shingo kumuangalia yule jirani, mwenye alikuwa anatubebea viti. Nikasimama, nikauliza kwa sauti, "Nani amepima?" Wasomaji wangu, kosa ya muntu nayo iko na uzito, na hatuwezi kuitwika shingo ya mwingine kwa macho tu. Nikaenda kwa yule jirani, nikashika upande wa pili wa benchi yenye alikuwa anabeba, tukabeba pamoja.