Mjomba wa Dayodi

Walionichoma mkono wa kushoto ni wawili: shemeji yetu anayeuza vifaa vya sola Masasi mjini, na dayodi aliyoniuzia. Dayodi ni kidude kidogo cha kuruhusu umeme upite upande mmoja tu. Changu kiliruhusu na moto. Banda langu la kuchaji simu hapa Chiwata liliteketea mchana kweupe. Nilitoka hai, ukoo ukamshukuru Mungu, kisha ukanihukumu: mwanamke wa darasa la saba kachezea umeme, asijenge tena kwenye kiwanja cha ukoo.

Nikaenda Masasi kwenye mafunzo ya kompyuta. Mwalimu, binti wa umri wa mwanangu, alikuwa na programu ya kuchora dayodi na kuijaribu kabla haijaunguza mtu. Nikamwambia nataka kujua yangu ilikufaje.

"Mama, hapa hatupigi ramli."

"Ramli nimeshapiga, Newala. Yule alitaka kuku mweusi. Wewe unataka nini?"

"Vipimo."

Dayodi nyingine ya pakiti ileile ilikuwa imebaki. Tukaipasua kwa koleo. Juu imeandikwa ampia kumi, umeme inaodai kubeba. Ndani, silikoni, ile inayobeba umeme wenyewe, kama punje ya chumvi, ndogo mno kwa mzigo huo. Akaipima, nami nikajifunza kuichora. Silikoni safi haina kazi mpaka itiwe uchafu kidogo, upande huu wa aina hii, upande ule wa aina ile. Hapo nilielewa upesi, nimekulia kwenye ukoo. Kisha mchoro unaugawa vipande vidogovidogo, kama warithi na shamba la mikorosho, kompyuta ikokotoe kimoja kimoja. Nilipokosea mipaka, ilikataa kutoa jibu. Kwetu mipaka ikikosewa, kila mtu ana jibu.

Siku nilipoipitishia, humo kwenye kompyuta, umeme wote wa paneli yangu, mstari wa joto ulipanda mpaka ukatoka nje ya kioo. Mwalimu akasema hiyo ndiyo iliyowasha banda. Mimi nililia.

Nikaomba kikao cha ukoo. Shemeji naye akaja, maana msiba wa wenzake haumpiti. Nikampa mjomba shikamoo, yeye ndiye mwenye kauli kwetu, nikamfungulia kompyuta. Aliutazama ule mstari.

"Mkosaji ni kidude hiki?"

"Ndiyo, mjomba."

"Kina mjomba?"

"Hakina."

"Sasa tutakihukumuje, na hakina wa kukisemea?"

Shemeji akacheka. "Mwambieni amwite fundi wa Ulaya!"

Mjomba akamgeukia. "Nani alikileta mjini?"

"Mimi, lakini..."

"Nani alimwambia huyu kinaweza kazi?"

"Mzee, mimi nauza tu. Sikukitengeneza."

"Hata mimi huyu sikumzaa. Alizaliwa na dada yangu, na kila akikosea naitwa mimi. Mjomba wake ni wewe. Haya, kisemee."

Shemeji alikisemea vibaya sana. Kiwanja nikarudishiwa jioni ileile, na yeye akaamriwa alete mabati ya banda jipya. Ameleta. Membamba, ukiyagusa yanapiga kelele, lakini nimeyapigilia, mkono mmoja ukishika nyundo na ule mwingine ukifanya unachoweza.