Telma na Wasifu wa Marehemu

Telma alikuwa na miezi minne tu ya kupata wateja. Ndivyo walivyokubaliana na mama yake, Anabela, siku alipoondoka Kitaya kwenda kukaa kwa shangazi Albertina, mtaa wa Chikongola, Mtwara mjini: mvua za kwanza zikimkuta bado anahangaika, arudi bondeni kando ya Ruvuma kulima mpunga. Telma alijua sana kulima. Ndiyo maana hakutaka kurudi.

Kazi aliyoifuata mjini ilikuwa kuandika matangazo ya biashara za watu. Aliandikia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, amekaa ngazi za mlango wa nyuma. Alijiunga na kundi la WhatsApp ambamo mwalimu mmoja wa Dar es Salaam, ambaye sura yake hakuna aliyewahi kuiona, aliwafundisha wanaoanza. Kila asubuhi alirusha sauti ileile: usiandike kila kitu, chagua fani moja, watu wakiitaja wakukumbuke wewe.

Basi akachagua gesi, maana mtu wa Mtwara asiyefikiria gesi ni nani? Hakufika mbali. Mlinzi wa ofisi ya kwanza aliyoiendea alimweleza, kwa upole kabisa, kwamba maneno yote ya gesi yanaandikwa Dar, huku yamebaki mabomba. Akahamia kwenye korosho, na hapo, nisimfichie, alichekesha. Alimwandikia Mzee Yusufu, mkulima wa Ziwani, tangazo tamu la kutoa udenda, akamsomea barazani kwake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza hilo tangazo atasomewa nani. Korosho zake zinakwenda ghala la chama cha ushirika, zinapigwa mnada pamoja na za kijiji kizima, na mnunuzi hana haja ya kumjua Yusufu.

"Umeandika vizuri, mwanangu," alisema. "Ila hapa huna wa kumbembeleza."

Miezi miwili ikawa imekwisha hivyo.

Ndipo akafariki Mzee Valdemar, seremala, jirani yao. Kwa Wakristo wa huku mtu hazikwi bila kusomewa wasifu wake: alizaliwa lini, alioa nani, aliugua nini. Wanawe walikuwa wameikodolea macho karatasi tupu tangu alfajiri, na shangazi Albertina akawapelekea Telma. Telma hakuanza na tarehe. Aliuliza mzee alikuwa akifanya nini akimaliza mlango. Wakakumbuka kwamba aliupiga kiganja mara mbili, kama anayemuaga mtu. Akaandika hilo, akaongeza kwamba nusu ya mtaa inalala salama nyuma ya milango ya Valdemar. Wasifu uliposomwa makaburini, hata vijana waliochimba kaburi walilia na majembe mikononi.

Wiki iliyofuata aliitwa kwenye msiba wa mama yake Magreth, muuza vitumbua. Kisha akaitwa mtaa wa Magomeni, kisha Ligula, hukohuko mjini. Watu walimtafuta kwa jina. Fani ilikuwa imempata, bila yeye kuitafuta. Tatizo ni kwamba msibani hakuna anayelipwa. Mpishi anapika bure, mchimba kaburi anachimba bure, na atakayetaja malipo karibu na jeneza atasemwa mpaka kwa wajukuu. Telma hakutaja, wala hakutamani kutaja. Alikula wali na maharage pamoja na wafiwa, akarudi nyumbani kwa miguu.

Tumaini lake lote likabaki kwa Lukasi, aliyekuwa anamalizia nyumba ya wageni Msimbati. Lukasi alikubali amwandikie matangazo mwaka mzima, na mwaka mzima ungetosha kumwonyesha mama. Telma akaenda Msimbati, akapita chumba kwa chumba, akasimama kwenye kila dirisha linalotazama bahari, akaandika. Siku ya kumsomea, Lukasi hakumtazama usoni.

"Dada Telma, usinielewe vibaya. Mke wangu anasema wasifu wa Mzee Valdemar uliandika wewe."

"Ni mimi."

"Na wa mama yake Magreth."

"Na huo pia."

"Sasa mkono huohuo uiandike nyumba yangu, hata mgeni wa kwanza hajalala?" Alivuta kiti nyuma kidogo. "Mimi siyaamini hayo mambo ya mkosi. Lakini mke wangu anayaamini, na wafanyakazi wanayaamini. Hapana, dada."

Telma alizima simu, akaaga. Iliniuma mimi niliyesimuliwa, sembuse yeye. Siku zilizofuata alimwendea mwenye saluni, akamwendea muuza vitenge. Wote walimsifu kwa jinsi anavyowaandika marehemu, na wote wakakataa.

Mvua hazikuchelewa mwaka huo. Asubuhi ya kuondoka, begi liko mlangoni, Lukasi aliingia uani macho mekundu. Mama yake amefariki, wanazika kesho.

"Watu wanasema hakuna mwingine wa kumwandika," alisema, akiangalia chini.

Telma angeweza kukataa, na nisingemlaumu. Alifungua begi, akatoa simu, akamuuliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Lukasi akasimulia huku analia, kwamba madirisha yale yaligeuzwa baharini kwa amri ya mama. Wasifu ukatoka mzuri kuliko wote, na sentensi tatu ndani yake zilitoka kwenye tangazo alilolikataa Lukasi mwenyewe. Makaburini Lukasi alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamsihi ale kabla hajaondoka.

Kitaya, mama hakumlaumu. Sifa zilishafika huko kabla yake.

"Siku yangu ikifika," Anabela alisema, akimpa jembe, "wasifu wangu niusome mimi kwanza, ndipo uwasomee watu."

Telma alicheka, kwa sababu mama alitaka acheke. Kisha akalima. Kwenye mstari wa tatu alijaribu kuandika wasifu wake mwenyewe kichwani: alizaliwa Kitaya, akakaa Mtwara miezi minne, akarudi. Alifika mwisho wa shamba akigeuza jembe, na hakuwa amepata cha kuongeza.